Somoe Aniulizia Vitabu

Somoe, umekuja na daftari la kaunta
na kalamu imeshavuliwa kifuniko.
Mwalimu kawatuma vitabu vitatu kila mtu,
vinavyoeleza unga na namna unavyomla mlaji.
Umeuliza Lindi nzima, mwisho ukaambiwa:
"Nenda kwa mjombako wa Rahaleo,
huyo kavisoma vyote."

Walicheka waliokwambia. Najua.
Kalia hiyo ndoo, nimalizie kubangua.

Cha kwanza sikijui jina.
Jalada lilikwisha kabla sijakifikia.
Chitanda alikinunua kwa kilo, pamoja na magazeti,
kama wanavyonunua wauza karanga wa stendi,
akakichana jani kwa jani
akafungia kete.
Hivyo ndivyo nilivyosoma: nalipa, nafungua,
navuta, nalamba karatasi,
nikishalamba, nasoma.
Ukurasa wa mia na kumi Jumatatu,
mwanamke anapanda treni kumfuata mtu.
Jumanne wa kumi na nne: hajazaliwa.
Alhamisi anamzika mtu yule, mvua inanyesha,
na viatu kavivua sijui kwa nini.
Nikauza redio ya bibi yako
nikijidai nataka kujua
hapo katikati kulipita nini.

Hiyo usiandike.
Au andika, ila redio uiruke,
mamako atakumbuka.

Cha pili kiko dukani kwa Bi Mwanahija,
chini ya mizani, kimefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Daftari la madeni.
Nyumba yetu ina kurasa nne humo.
Nilizisoma siku niliyokwenda kulipa,
nimesimama, na wateja nyuma yangu wanakohoa.
Unga kilo mbili. Unga kilo moja.
Unga nusu. Unga robo, mwenyewe kaja mama.
Ule mwingine ulikuwa unapanda
kila huu uliposhuka,
na haukuandikwa popote.
Mstari wa mwisho: sabuni ya kuoshea maiti.
Ya babu yako. Mimi siku ile
nilikuwa nyuma ya stendi na arosto,
natetemeka juani kama kifaranga cha mvua.
Bi Mwanahija hakuandika bei.

Cha tatu kipo zahanati, anakigawa nesi.
Kina picha ya ubongo, kina mishale.
Kisome, kinasema kweli,
kweli zote isipokuwa moja:
kwamba mwanzo ni mtamu.
Kitabu kinachokuficha utamu, Somoe,
kinakupeleka shambani bila kukwambia nyoka ana rangi nzuri.
Mimi nilianza na uraka, msimu wa mabibo,
uani kwetu, watu wazima wanacheka,
nami mdogo namalizia vibuyu.
Nani angeniambia kicheko kile
kina mlango wa uani?

Basi, vitatu hivyo. Funga daftari.

Hapana, ngoja.

Mwezi uliopita niliitwa shuleni kwenu
kuziba paa la chumba cha vitabu.
Kwenye rafu, kati ya jiografia na panya aliyekufa,
nikakiona. Kizima.
Nilikijua kwa sentensi moja, ile ya viatu.
Kina jalada la kijani. Kina jina.
Nikakaa juu ya ngazi nikakifungua ukurasa wa kwanza
nisome kama watu, kuanzia mwanzo.
Mate yakanijaa mdomoni.
Miaka sita, Somoe, kila asubuhi kikombe cha dawa mbele ya nesi,
miaka sita, na karatasi tupu, haina kitu,
na ulimi ukatoka wenyewe.
Nikakirudisha. Nikaziba paa.
Matundu mawili niliyasahau.

Kesho kakiazime kabla mvua haijakifikia.
Njoo nacho jioni, ukae palepale kwenye ndoo,
mimi nitakaa huku, mikono kwenye maganda.
Nisomee kwa sauti.
Usiruke kitu.