Jina la Saba

Alhamisi, nikishafunika cherehani,
ndipo tunaposoma. Watu watano, viti vinne.
Masolwa hukalia robota la vitenge
kwa kuwa kitabu ni chake.

Kitabu chenyewe kimeliwa na mende mgongoni.
«Mgeni wa Jabalini», chapa ya kwanza na ya mwisho,
jalada la kijani lililogeuka rangi ya magugu maji.
Kila aliyepata kukisoma hapa Mwanza
amekisoma hiki hiki,
na lile doa la mchuzi ukurasa wa arobaini
kila mtu anaapa si lake.

Usiku ule vidudu vya ziwani vilipanda hadi Mabatini,
wingu zima, vikaizonga taa,
vikawa vinadondokea kwenye chai.
Tulikuwa tumefika pale mgeni anapogonga jiwe
na kutaja majina.

Hata asiyejua kusoma anayajua.
Watoto wa Igogo hutishana nayo umeme ukikatika:
Gamasa, Lubala, Shing'oma,
Ndilanha, Kabusu, Ng'wape.
La saba halikuandikwa. Ukilitamka, jiwe hufunguka.

Laurenti, aliyeacha seminari bado miaka miwili,
akasema hao ni mashetani wa Kilatini,
mwandishi kawavua kanzu tu, kawavika lubega.
Kawatoa katika kitabu cha mapadri
kilichofungwa kwa mnyororo, huko,
huko,
akaonyesha kwa kidole upande wa ziwa.

Bi Zamda akaomba kalamu.
Akajumlisha herufi kwa abjadi
nyuma ya risiti ya umeme,
akapata mia sita na ushei,
akanyamaza kama aliyepata.

Masolwa yeye ana hakika:
mwandishi alilala siku tisa kwa mfumu, njia ya Magu,
akatoa mbuzi na blanketi,
akauziwa maneno.
«Maneno ya namna hiyo,» akasema, «hayatungwi.»

Mimi nilikuwa natunga uzi kwenye sindano.
Sikuwa na rai. Nilikuwa na woga,
nao ni rai ya aina yake.

Minza huwa hasemi. Ni muuguzi wa zamu ya usiku, Bugando;
huja na sare chini ya koti
na huondoka mapema, kwa hiyo hajui
hadithi yoyote inavyoisha.
Akaopoa kidudu kwenye kikombe chake, akasema:
«Hao ni ng'ombe.»

Tukacheka. Yeye hakucheka.

«Ng'ombe wa bibi yake mama.
Gamasa alikuwa na pembe moja.
Lubala, mabaka.
Kabusu hakukubali kukamuliwa na mwanamume.
Walimfuata usiku kwa ajili ya macho yake mekundu,
macho ya miaka hamsini ya moshi wa samadi,
na kulipokucha zizi lilikuwa jeupe,
yeye hata hajazikwa.
Binti yake akawa anatoka kila jioni
kuwaita, mmoja mmoja, mlangoni pa zizi tupu.
Wapita njia walikimbia. Walisema: naye kairithi kazi.
Nadhani mmoja wao
alikuwa na daftari.»

Kidudu kimoja kikaungua kwenye taa, tukasikia.

«Na la saba?» Laurenti akauliza,
sauti yake imepungua kimo.

«Wa saba alikuwa ndama.
Hawakuwa wamempa jina.»

Bi Zamda akaikunja risiti mara nne.
Masolwa akakitoa kitabu mapajani, akakiweka mezani,
mbali kidogo,
kama mtu aliyeambiwa njiani
kwamba mzigo aliosaidia kubeba ni wa wizi.
Minza akatazama saa. Akaenda zamu.

Nyuma ya kwangu pana jiwe kubwa kuliko nyumba.
Miaka kumi na moja nimelipita mbio usiku,
nimekaza funguo mkononi.
Jana nilisimama. Lilikuwa bado na joto la mchana,
kama ubavu.
Nikaita Gamasa. Nikaita Lubala,
polepole,
kiganja wazi,
kama mtu aliyeshika chumvi.