Umemfahamu kwa Muda Gani

Fomu imeingia kwa simu, si kwa bahasha.
Chumba cha walimu kina baridi ya Julai, baridi ya Nairobi,
isiyonyesha mvua wala kukausha nguo.
Mumbua Kitheka, Kidato cha Nne Mashariki,
anaomba chuo cha ng'ambo kinachochukua
watano katika kila mia,
na mimi, Ogolla wa Fizikia, naulizwa
kwa nini awe mmoja wa hao watano.

Tulianza Januari, kwenye meza hii hii.
Alikuja na daftari la mistari myekundu:
masomo manane, apunguze moja, abaki na saba.
Mshauri wa shule alisema, tupa Sanaa.
Baba yake, fundi wa friji pale Makadara, alisema, tupa Sanaa.
Binamu aliye Kanada alipiga simu saa nane usiku
kusema, tupa Sanaa, wale watu wanaangalia.
Nami nilisema walichosema wote,
ila polepole, nionekane nimefikiri.
Alinyamaza. Akafuta Biolojia.
"Mwalimu, nisipochora sioni waya unakwenda wapi."
Sikuelewa. Nilitia sahihi.

Sasa kisanduku cheupe kinanikodolea macho.
Naandika: ana bidii. Nafuta.
Bidii nimewagawia arobaini mwaka jana pekee, kama vipande vya chaki.
Naandika: ana nidhamu.
Hata kengele yetu ina nidhamu.
Kisha fomu inauliza:
katika miaka yako yote ya kufundisha,
yumo katika kumi bora? Katika watatu?
Au hujapata kuona mfano wake? Tia tiki.
Kana kwamba watoto ni nyanya za Marikiti,
fungu kwa fungu, kubwa zikae juu.

Mwaka wa tisini na sita nami niliandikiwa.
Bahasha ya kaki, muhuri wa zambarau.
Niliishikilia juu ya mvuke wa sufuria ya chai
hadi gundi ikaachia.
Mistari miwili na nusu.
*Kijana huyu hana matatizo.*
Miaka minne dawati la mbele, na hicho ndicho alichokiona:
kwamba hakukuwa na cha kuona.
Nikaifunga tena kwa uji, nikaipeleka mwenyewe.
Sikupata nafasi. Sisemi ni kwa sababu hiyo.
Sisemi.

Machi, siku ya Ijumaa, nilichora saketi ubaoni.
Mumbua akainua mkono: "Mkondo hauwezi kupita hapo."
Nikamwambia kaa.
Darasa likacheka, nami nikaliacha licheke.
Jumatatu, kabla ya gwaride, alinisubiri mlangoni mwa maabara
na kipande cha mbao, betri tatu za redio,
taa iliyong'olewa kwenye friji ya mteja wa baba yake,
na mchoro, kila waya na kivuli chake.
Alibonyeza swichi.
Taa haikuwaka.
Haikuwaka vilevile alivyosema haitawaka.
Hakuniambia si nilikuambia.
Aliuliza tu, akikunja mchoro,
"Utawaambia wewe, au niwaambie?"
Nikasema nitawaambia.
Ilinichukua hadi Alhamisi.

Stima imepotea. Simu ina asilimia kumi na moja.
Mwisho wa kupokea maombi ni Novemba mosi,
naye wakati huo atakuwa katikati ya mtihani,
pipeti mkononi, asihesabu watu mia.
Naandika Ijumaa, naandika kicheko, naandika taa,
naandika kwamba mimi ndiye niliyekosea,
mpaka kisanduku kikakataa herufi.
Tiki naiweka mwisho, bila kufikiri sana.

Linabaki swali moja, dogo, pembeni:
umemfahamu mwanafunzi huyu kwa muda gani?
Rejista ingejibu, miaka mitatu na nusu.
Naandika: tangu Machi,
siku ya Alhamisi.