Dakika Saba

Mudhairibu, saa nane usiku, Agosti.
Zamu ya maji ya Bi Rayya huanzia hapo,
nusu saa aliyoachiwa na marehemu mumewe,
kwa mitende tisa na mndimu mmoja uliopinda.
Yangu huishia pale yake inapoanza.
Kati yetu jiwe tu, na gunia lililolowa.

Nilikawia kuliweka. Ndiyo yote.
Dakika saba kwa saa yangu ya mkono.
Maji hayana muhuri, nikajiambia,
yakishaingia shambani nani atayajua?

Falaji huzunguka, siku ya nane ikarudi.
Safari hii sikukawia.
Nilisimama na jiwe mkononi,
nikiitazama saa, nikingoja zitimie saba.

Hamduni, wakili wa falaji, ana daftari:
huandika majina na zamu, dakika haandiki.
Imamu kataja wezi Ijumaa;
nikapiga hesabu, maji yale yana bei gani?
Baisa mia mbili? Nani atahukumiwa kwa baisa mia mbili?
Na mitende yangu inalisha watoto sita,
yake inalisha kunguru.
Hoja zilinijia kwa wingi, zimevaa kanzu safi.

Kitu kimoja hakikubishana nami.
Kiarabu ndicho ninachoswalia, ndicho ninachouzia,
lakini chenyewe kilinisemesha Kiswahili,
sauti ya jikoni kwetu Wete,
mama ameshika kipande cha muwa nilichokuja nacho:
"Hiki chako?"
Hakupiga. Aliuliza tu,
na muwa ukageuka mti mkavu mdomoni.

Basi ni mama huyo, nikasema, ni malezi;
ningelelewa na wezi ningesikia nini?
Nikadhani nimeshinda, nikalala.
Alfajiri nikakumbuka mwaka wa foleni:
mama alificha robo ya sukari ya jirani,
siku tatu hakutia chai mdomoni,
ya nne akaifunga kwenye khanga, akairudisha,
na hakuna aliyekuwa amemuuliza.
Hakuna, nasema. Bibi alikwisha kufa.
Basi sauti ile haikuwa yake.
Ilipita kwake
kama maji yapitavyo kwangu, kwa zamu,
na mama-maji yake sijapata kuiona.

Khalasi zilipoiva nilimpelekea Bi Rayya kapu.
Akaniombea dua ndefu, ya kizazi na kizazi,
na mimi nautazama mndimu,
majani yamejikunja kama vidole vya maiti.
Nikamkata dua katikati:
"Dakika saba, Bi Rayya. Mara sita."

Alimenya tende, akatoa kokwa, akaiweka sahanini.
"Arubaini na mbili," akasema.
"Mzee hulala kidogo.
Nasikia mfereji unapojaa, nasikia unapochelewa."
Akanimiminia kahawa.
Hakusema amesamehe, wala sikuthubutu kuuliza.
Kapu alilipokea.

Sasa saa saba na dakika hamsini na tatu
naweka jiwe, nakandamiza gunia kwa kisigino,
nasikia maji yakigeuka kwenda kwake.
Deni lilikwisha Novemba, nimehesabu mara mbili.
Hamduni ananicheka: saa yako inakimbia, ipeleke kwa fundi.
Namwambia nitaipeleka.
Mndimu umetoa majani matatu.
Na mimi bado nafunga mapema,
sijui nalipa nini.