Kilo Sita

Ripoti inasema: saa mia tatu,
lita arobaini na nane kila saa,
jumla elfu kumi na nne na mia nne.
Nimezidisha kwa kalamu, kisha kwa kikokotoo,
kisha tena kwa kalamu, maana siuamini mkono wangu
asubuhi, hapa Tukuyu, ukungu ukiwa umelalia dirisha.

Kosa la kwanza nililikuta kabla chai haijapoa.
Kigezo cha moshi kinataka kilo;
aliyenitangulia kaandika lita, kasoma kilo.
Dizeli haina uzito wa maji, ndugu yangu:
lita yake ni sifuri nukta nane nne.
Nikashusha hesabu. Moshi ukapungua karatasini,
na meneja Mwaijande akatabasamu, mara ya kwanza wiki hii.

Kosa la pili lilikuwa mfukoni mwa Ambokile.
Fomu ya ofisi ina safu ya mchana peke yake.
Usiku, umeme ukikatika na majani yako vitandani yakinyaushwa,
huwasha injini, huandika nyuma ya daftari la mwanawe,
chini ya jedwali la kuzidisha:
Saa nane kasoro robo. Mvua. Nimewasha.
Alfajiri. Nimezima. Mvua.
Nimezijumlisha saa zake. Hamsini na saba.

Sasa njoo uone kioja.
Mia tatu hamsini na saba, mara arobaini na nane,
mara ile nukta nane nne:
kilo elfu kumi na nne, mia tatu tisini na nne, na vichembe.
Makosa mawili yameshikana mabega kama walevi,
yakafika nyumbani bila kuanguka.

"Haifiki hata kilo sita," anasema Mwaijande. "Iache."

Nami nilitaka kuiacha.

Lakini nyuma ya ukuta wa injini kuna migomba ya Subilaga.
Akikata jani la kufungia, hulipangusa kwanza kwa kanga,
na kanga hiyo siku hizi haitakati.
Hajui kilo, hajui nukta.
Anajua ni usiku,
kwa kuwa jioni aliliacha jani kijani
na asubuhi kidole chake kimetoka cheusi.

Kwa ripoti ile, usiku injini imelala
na Subilaga ni mwongo.

Nimeomba rula.
Pembeni mwa safu ya mchana
ninachora nyingine.