Usikiguse

Kimekuja na treni ya Alhamisi, ndani ya gunia la mpunga,
sanduku la mninga, kubwa kama redio ya marehemu baba,
na tumboni, badala ya valvu na vumbi,
kibao cha kijani kisichozidi kadi ya kliniki.
Masunga aliyekituma ameandika kwa kalamu ya risasi:
Theremini ya kidijitali. Usikiguse. Hupigwa kwa kutoguswa.

Nikakaa na maneno hayo, hapa kibandani Isevya,
kama mtu aliyepewa kijiko pasipo uji.
Miaka kumi na tisa nimekula kwa kugusa:
bisibisi, koleo, ncha ya ulimi kwenye betri
kujua kama ingali hai.

Kwanza kinakutaka usimame, usihemehe.
Kioo chake kinaandika: SUBIRI, NAKUPIMA.
Kinakupima upana wako hewani,
fundi cherehani asiye na futi,
kisha kinasema TAYARI
nami bado.

Mkono wa kulia, kuelekea fimbo ya shaba:
sauti inapanda, mbu ndani ya chandarua saa nane za usiku,
inazidi kukonda, inakonda,
mpaka mbwa wa Mama Ndekeja anainua kichwa.
Mimi sisikii tena kitu. Yeye anasikia.
Narudisha mkono. Inateremka,
injini ya mizigo inayopunguza mwendo reli zinapoachana,
hii ya Kigoma, hii ya Mwanza,
na haijaambiwa ifuate ipi.

Mkono wa kushoto unalinda kitanzi cha waya.
Ukiushusha, kimya. Ukiuinua, nyumba inajaa.
Nimeuinua na kuushusha mara nyingi kuliko inavyomfaa
mtu mzima mwenye wateja.

Kuna kitufe cha mawimbi.
La kwanza laini: asali ya miombo ikining'inia kijikoni,
uzi unaokataa kukatika.
La pili lina meno.
La tatu linasemea puani, mtangazaji mwenye mafua.
Liko moja limeandikwa KWAYA, nalo ni uongo,
watu watano waliofungiwa ndani ya debe.

Na kuna kirungu cha kusahihisha.
Ukikizungusha mpaka mwisho, popote upapasapo
kinakuburuta hadi noti iliyo jirani,
kama mwalimu Kapalata alivyonikanyaga kidole cha mguu
kila nilipoteleza kwenye sauti ya tatu.
Safi. Hakuna kosa.
Hakuna mtu pia.

Nikakirudisha sifuri.

Hapo, kati ya do na re, sikujua kuna nafasi kubwa hivyo.
Hapo ndipo bibi Nyamizi alikuwa akiniitia
kutoka ng'ambo ya shamba la tumbaku,
Shijaaa, mwanzo juu, mwisho ukizama kidogo tu,
kiasi cha mtu kuinama akaokota jembe.
Haikuwa do. Re haikuwa.
Nimeitafuta tangu adhuhuri kwa vidole vitano,
kwa viwili, kwa kifundo cha mkono,
nimebana pumzi, nimefumba macho.
Kila mara nafika kwa jirani yake.

Saa kumi na moja Mama Ndekeja akaingia kuulizia pasi yake.
Akainama juu ya meza, kutazama hicho kinacholia,
na mwili wake, na beseni lake, na kanga yake yenye moshi,
vikaisogeza sauti unywele mmoja
na bibi akaniita.

Nikasema, usitikisike.
Akasema, nina maharage jikoni.
Nikasema, dakika moja tu, mama, tafadhali, hapo hapo.
Akanitazama, akautazama mkono wangu ulioshika hewa,
akasimama. Nadhani alihesabu moyoni.
Kisha maharage yakamshinda.

Pasi haijapona.
Nimemwambia arudi kesho, saa ile ile,
na beseni.