Miezi Mitatu Mlangoni

Nilivunjika mguu kwenye ngazi ile ile
ninayoipanda tangu nilipoolewa,
ngazi ya mawe ya Igogo, ndoo kichwani.
Si mvua, si haraka. Ganda la embe.
Bugando wakanifunga hogo hadi pajani
na Nkwimba akaniwekea kigoda mlangoni:
"Kaa hapo, mama, ulinde dagaa."

Nikakaa. Nikalinda.

Siku ya kwanza niliona kunguru tu.
Kunguru namjua; tunadaiana.

Siku ya nne jiwe la juu ya choo likakohoa.
Kumbe pimbi, mnene kama mkate wa kumimina,
amekaa juani na uso wa karani
ambaye faili lako halioni.
Nyuma yake wa pili. Wa tatu.
Watoto wawili mgongoni, abiria wasio na nauli.
Miaka kumi na tisa naishi hapa
nikidhani ile michirizi myeupe mwambani
ni chokaa iliyomwagwa na fundi.
Lo! Mkojo wa ukoo mzima,
babu hadi kitukuu, mahali pale pale.

Mjusi ana kichwa chekundu, kiuno cha samawati.
Anapiga pushapu mbele ya jike asiyemtazama,
akichoka anahamia jiwe jingine,
anaanza upya.
Nikampa jina: Bwana Harusi.

Saa nne, mabati yakianza kulia kwa joto,
mwewe huzunguka bila kupiga bawa.
Pimbi mkubwa hupuliza mara moja tu
na jiwe linabaki tupu, kana kwamba
halijawahi kukaliwa na yeyote.
Mimi pia, na hogo langu,
nilijikuta nimeinamisha kichwa.

Na jioni, kule chini, ziwa likigeuka rangi ya sufuria,
yangeyange hurudi Saanane mstari kwa mstari,
weupe, kama darasa lililofua sare siku moja.
Nilifika mia mbili na kumi
Nkwimba aliponiuliza
nani kala dagaa.

Mwezi wa pili Lushinge akaja na tairi kuukuu,
nyundo, na dumu la maji:
alichome jiwe la pimbi, alimwagie, lipasuke,
auze kokoto. Ana ada ya watoto watatu.
Simlaumu. Msingi wa nyumba yangu
ni kokoto za jiwe lililokuwa na wenyewe.
Ningemwambia nini? Kwamba nina wageni?
Nikasema: moshi wa mpira unauchoma mfupa wangu.
Akanitazama sana.
"Basi mama Nkwimba, mpaka hogo litoke."
Akalilaza tairi pale pale, akashuka.
Mvua ikalijaza. Shomoro wakapata bafu.

Jumanne wamelikata hogo.
Mguu umetoka mwembamba, wa korongo,
una harufu ya gunia.
Daktari kaubonyeza huku, kaubonyeza kule,
kasema nimepona, nitembee.

Nimepanda ngazi polepole, nikihesabu.
Lushinge alikuwa amesimama kwenye kona.
Akautazama mguu. Akalitazama tairi.
Juu yetu mtu fulani mnene alikuwa akiota jua,
macho nusu, hana habari.

Nikaanza kuchechemea.
Nachechemea hadi leo, hasa Lushinge akipita,
na akiniuliza hali namwambia
mfupa, baba, mfupa hauna haraka,
labda baada ya Krismasi.