Shuka, Rudi

Printa ya hapa haina maneno.
Kebo yake naigusa kwa goti, naisikia ikikohoa,
na faili la printa linaitambua kwa mstari mmoja:
jina, mlango wa nyuma, saraka ya kungojea. Basi.

Ya mbali ndiyo yenye nongwa.
Iko ng'ambo ya mlima, Seyðisfjörður, ofisi ya bandari,
na barabara imefungwa kwa theluji tangu Jumanne.
Nimerithi kazi hii pamoja na daftari la Hallvarður,
aliyekuwa akipima kina cha theluji na,
kwa kuwa hapakuwa na mwingine,
akitunza mashine zote za Egilsstaðir.
Mwandiko wake umelala upande, kama mtu anayekabili upepo.

Nasoma alichoandika kwenye faili.
rm, herufi mbili: mashine ya mbali ni ipi.
rp, herufi mbili: huko printa iitwe nani.
Nukta mbili, mkwaju wa nyuma, mstari unaofuata.
Nimepitia mara tatu, nimelaumu waya, nimelaumu mlima,
mara ya nne ndipo jicho likanasa:
mashine ya Eydís inaitwa lundi,
ndege yule mnene wa majabalini, mdomo wa rangi;
yeye aliandika lindi.
Herufi moja,
na kila alichokituma kimetumbukia humo
miaka miwili.

Nauliza foleni. Inajibu bila aibu:
kazi kumi na moja, mwenyewe Hallvarður, zinangoja.
Tarehe ya ile ya mwisho mji mzima tunaijua.
Mtumishi wa foleni hajui msiba.
Kila baada ya dakika kadhaa ameamka,
amebisha hodi shimoni,
hakuitikiwa, amelala tena.

Ningeweza kuzifuta. Amri ni fupi kuliko jina langu.
Nikabadili i kuwa u, nikampigia simu Eydís.
"Iwashe," nikasema. "Kuna vitu vya zamani vitatoka."
Sikusema vya nani. Hilo ni kosa langu, nalikubali.

Upande wa pili nikasikia meno ya printa yakisaga.
Vina vya theluji, akasema. Sentimita. Machi. Machi tena.
Orodha ya betri.
Halafu: "Mbona maneno yanashuka ngazi?"

Nilijua. Mashine zetu humaliza mstari kwa neno moja: shuka.
Printa yake ya kizamani hutaka mawili: shuka, kisha rudi.
Usipoiambia rudi, inaendelea pale pale iliposimama,
hadi ukingoni, ambako herufi hukanyagana.

"Hii ya mwisho si ya theluji," akasema.
Akanisomea polepole, kama anayetafuta kidato gizani:

Eydís
     leo nitachelewa
                    supu usiipashe
                                  mlango usi

"Halafu?"
"Halafu ni doa."
Yote yaliyobaki yamegongwa mahali pamoja,
neno juu ya neno, mpaka karatasi imetoboka
na wino umeingia kwenye mpira wa rola.

Nikaitazama foleni: tupu. Kikishachapwa, nakala hufutwa;
ndivyo ilivyopangwa, ili diski isijae.
Sikujua nimwambie nini, nikamwambia la kazi:
kichujio, mistari minne, akiweke kwenye mashine yake,
nami nikamtajia herufi moja moja kwa simu,
kwamba kila penye shuka paongezwe rudi.

Aliandika. Nilisikia vidole.
Tukachapa ukurasa wa majaribio. Ukatoka wima, pambizo safi.
"Sawa sasa?"
"Sawa."
Kisha akauliza rola husafishwa kwa kitu gani.
Nikamwambia spiriti.
Akasema alikuwa anauliza tu.